Acheni kuusingizia mlingoti

Kila ikifika Juni, baridi ikishashika Njombe na Makete, dohani zinaanza kushika moto na maelezo ni yale yale, kwamba kosa ni la mlingoti (mkaratusi): "Si walichoma milingoti? Ule mti una mafuta." Ikiwa si mlingoti, basi ni paina. Muwati peke yake ndio hutoka msafi. Nimeshajibu hoja hii kwa mdomo hadi nimechoka, kwa hiyo leo naiandika, na atakayeuliza tena atapewa kiungo asome mwenyewe.

Mafuta ya mlingoti yako kwenye majani. Ndiyo yanayochemshwa na kujifukizia mtu mwenye mafua. Gogo lina mafuta kidogo mno, hayawezi kuziba dohani. Paina ina utomvu kweli, lakini Finland na Sweden watu wanapasha nyumba moto kwa misonobari, yaani paina hizo hizo, miaka nenda rudi na dohani zao zimesimama. Utomvu ukipata moto mkali na hewa ya kutosha unaungua wote. Kinachoganda ukutani ni moshi ambao haukuungua, na moshi wa namna hiyo unatokana na mambo mawili: maji ndani ya kuni, na hewa iliyobanwa.

Nusu ya hoja ya paina naikubali. Inawaka haraka na ndimi zake ni ndefu, kwa hiyo ikichomwa kwenye dohani ambayo tayari ina lami, yaani moshi ulioganda, ndimi zinaifikia ile lami na kuiwasha. Lakini aliyewasha kiberiti si aliyemwaga petroli. Lami ile iliwekwa polepole na kuni mbichi, pengine za muwati huo huo unaosifiwa.

Na sifa ya muwati ina sababu ambayo watu hawaitazami. Magome yake huuzwa kwa ajili ya tanini, dawa ya kutengenezea ngozi, kwa hiyo magogo mengi yanafika kwa mnunuzi yakiwa yamebanduliwa. Gogo lisilo na gome linakauka haraka kuliko lenye gome. Mlingoti huletwa mzima mzima, mviringo, na gome lake, halafu unalaumiwa kwa kutoa moshi. Ubandue, uupasue, uuache ukauke, kisha tuzungumze.

Sasa hayo maji. Kuni iliyokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Chukua kilo 10: humo mna lita 5 za maji, dumu zima la mafuta ya kula. Zikikauka hadi unyevu wa asilimia 20, maji yanayobaki ni lita 1 na robo. Zile lita 3 na tatu robo zilizozidi, usipoliachia jua lizitoe, utazitoa kwa moto wako mwenyewe. Kabla hazijaisha kuwa mvuke, gogo halipati joto la kuunguza gesi zake, na gesi hizo zinapanda na mvuke hadi pale bomba lilipopoa. Chini ya nyuzi joto 120 hivi zinagandia ukutani. Mwanzo ni masizi ya unga, baadaye magamba, mwishowe lami nyeusi inayong'aa kama imepakwa vanishi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoteketeza nyumba.

"Lakini kuni zangu zina mwaka." Mwaka zikiwa wapi? Gogo la mlingoti lenye gome, limelazwa kwenye majani, linaweza kumaliza mwaka na moyo wake bado umelowa. Kwetu mvua zinakatika Aprili au Mei, na baridi inaingia Juni. Anayekata Mei ili achome Juni anachoma maji. Kalenda inayofaa ni hii: kata mvua zikikatika, pasua mara moja vipande vya unene wa sentimita 10 hadi 15, vipange juu ya fito mbili visiguse ardhi, jua na upepo vifanye kazi hadi Oktoba. Kabla ya mvua weka bati juu tu. Ubavuni acha wazi. Turubai lililoshushwa hadi chini linafungia unyevu ndani, na utakuta ukungu mweupe kwenye kuni ulizodhani unazitunza. Kuni hizo ni za baridi ya mwaka unaofuata, si ya mwaka huu.

Nyufa kwenye ncha hazithibitishi chochote ila kwamba ncha zimekauka. Kugonganisha magogo ili usikie mlio ni kipimo cha kubahatisha, hata kwa sisi tunaokitumia. Ukiwa na kipima unyevu cha pini, pasua gogo kwanza, kisha pima kwenye uso mpya wa katikati, si kwenye ganda la nje. Na ujue kwamba vingi kati ya vifaa hivi vinalinganisha maji na uzito wa mti mkavu, kwa hiyo kikisoma 25, ni ile ile asilimia 20 ya uzito wote. Huna kifaa? Tia alama ya mkaa kwenye kipande kimoja cha katikati ya rundo, kipime kwenye mizani ya duka kila wiki mbili. Uzito ukiacha kushuka wakati wa kiangazi, kuni zimefika.

Linalonikera kupita hata mlingoti ni desturi ya usiku. Jiko linajazwa magogo manene saa nne, kilango cha hewa kinafungwa, ili asubuhi pawe na makaa. Hata kuni kavu kabisa zinatengeneza lami kwa mtindo huo. Joto la jiko linaendelea kuzipika, zinatoa gesi, hewa ya kuziunguza hakuna, na bomba lililo juu ya paa limepoa kwa baridi ya usiku. Washa moto mdogo wenye ndimi, uache uishe, lala na blanketi la ziada. Ukitaka joto la kudumu, jenga jiko lenye matofali mengi ya kuhifadhi joto. Kubana hewa hakuongezi joto, kunalipeleka ukutani likiwa lami.

Dohani yenyewe nitaipitia haraka. Ikiwa meko ni ya wazi, eneo la njia ya moshi liwe kama sehemu moja ya kumi ya mdomo wa meko: mdomo wa sentimita 80 kwa 60 unataka njia ya 22 kwa 22. Njia pana kupita kiasi inapoza moshi. Juu ipite paa kwa sentimita 90 pale inapotokea, na izidi kwa sentimita 60 chochote kilicho ndani ya mita 3. Mbao za kenchi zikae angalau sentimita 5 mbali na tofali. Mafundi wengi huzipachika ndani ya dohani kabisa, na mbao hiyo inachomeka pole pole kwa miaka bila mtu kuona.

Safisha lami ikifika milimita 3. Kipimo hiki kimetoka nchi zenye mabomba ya kisasa, na kwa dohani zetu za tofali tupu ningesafisha mapema zaidi. Brashi ya waya inayobana kuta inatosha kwa masizi na magamba. Gunia la mawe kwenye kamba linatoa unga tu. Lami inayong'aa haitoki kwa brashi, inabanduliwa kwa chuma. Kumwaga chumvi motoni ili kusafisha dohani kunakula bomba la bati, acheni.

Ukisikia mvumo mzito ndani ya dohani na cheche zinatoka juu, funga mlango wa jiko na hewa yote, toa watu nje, piga 114 ya zimamoto. Usimwage maji ndani: tofali lenye moto likikutana na maji linapasuka. Mtu mmoja aangalie dari na kenchi kutoka nje. Moto ukizimika wenyewe, usiwashe tena hata kwa chai. Kwanza angalia tofali kwa tochi kutoka chini na kutoka juu, na pale chokaa au saruji ilipodondoka kati ya matofali, ingiza bomba jipya ndani ya dohani, la chuma kisichoshika kutu au la udongo uliochomwa.