ML-KEM inakagua kifurushi, ila haikuambii

Imekuja tena. Ripoti ileile ya hitilafu, safari hii kwa herufi kubwa: mtu kageuza biti moja kwenye kifurushi (ujumbe uliosimbwa) cha ML-KEM-768, mbinu ya pande mbili kukubaliana ufunguo wa siri iliyoundwa kuhimili kompyuta za kwanta, akaita kitendakazi cha kufungua, akarudishiwa "sawa" na baiti zake 32 za ufunguo. Eti maktaba yetu haikagui kitu.

Inakagua, ndugu yangu. Ila haikuambii, na ni kwa makusudi.

Anayefungua hutoa ujumbe m ndani ya kifurushi, anausimba upya kwa ufunguo wa umma, kisha analinganisha na kile kilicholetwa. Vikilingana, unapata ufunguo halisi. Visipolingana, unapata heshi ya kifurushi pamoja na z, zile baiti 32 za siri zinazokaa mwishoni mwa ufunguo wako wa siri. Ni takataka, lakini asiyejua z haoni tofauti. "Sawa" ile maana yake ni kwamba urefu wa baiti 1,088 umetimia na ufunguo umesomeka. Basi. Kama pande mbili zina ufunguo mmoja utajulia mbele, kwa mfano kwenye TLS 1.3, itifaki inayolinda mawasiliano ya wavuti, ujumbe wa kwanza uliosimbwa ukigoma kufunguka.

Kusema kweli, hata kukataa waziwazi, yaani kurudisha kosa, kuna uthibitisho wake wa kihisabati. Kinachoninyima raha ni msimbo wenyewe. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kuwa memcmp (kitendakazi cha C cha kulinganisha baiti) ndani ya FrodoKEM, mbinu nyingine ya aina hii, iliyoacha kulinganisha mara tu baiti zinapotofautiana, ilitosha kuvujisha ufunguo wa siri kupitia muda iliotumia. Kwa hiyo ukiniletea kiraka chenye `if (!sawa) return 0;`, sikipokei, hata ukiweka maoni marefu kiasi gani.

Je, msimbo wetu hauvuji? Natumaini. KyberSlash, udhaifu uliopatikana kwenye misimbo ya Kyber (jina la awali la ML-KEM), haikuhitaji hata `if`: kugawanya tu kwa 3329, namba ambayo hesabu za ML-KEM hutumia, kwenye baadhi ya prosesa, kulichukua muda uliotegemea siri. Tukabadili, tukazidisha na kusogeza biti badala ya kugawanya. Toleo lijalo la kompaila litaigeuzaje, hakuna anayeweza kuniapia.

Ndiyo maana sizimi X25519, mbinu ya zamani ya kukubaliana ufunguo, kwenye X25519MLKEM768 inayoziunganisha zote mbili, na anayelalamikia baiti 32 za ziada juu ya 1,184 za ufunguo wa umma wa ML-KEM simwelewi. SIKE, mbinu nyingine iliyotarajiwa kuhimili kompyuta za kwanta, ilivunjwa 2022 kwa kompyuta ya kawaida kabisa.

Jaribio lako liandike hivi: haribu kifurushi, fungua mara mbili, hakikisha funguo mbili zinafanana zenyewe kwa zenyewe na zinatofautiana na ule wa mtumaji. Ukipata kosa badala ya ufunguo, hapo ndipo ulete ripoti.