Msiniletee tena ile methali ya samaki

Wiki hii nimeambiwa mara tatu kwamba mzee habadiliki, na wa mwisho alikuwa kijana aliyemleta mamake kliniki, mama mwenyewe ameketi hapo hapo anasikia: "Dada, huyu habadiliki, samaki mkunje angali mbichi." Nilinyamaza kwa heshima ya yule mama. Sasa nasema.

Mimi ni fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hapa Lamu, kazi yangu ni magoti, viuno na waliopigwa na stroku, wengi wana presha na sukari juu yake. Hiyo methali ni ya kulea watoto jamani, haihusu misuli. Mwaka 1990 watafiti kule Boston walichapisha matokeo ya wazee wa wastani wa miaka 90, waliozoezwa miguu kwa uzito kwa wiki 8, na nguvu zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90!

Elimu pia si shida. Muulize mzee yeyote wa mtaa wa Langoni chumvi inafanya nini kwenye presha, atakujibu vizuri. Lakini nani anapika? Babu hajawahi kushika mwiko, anayepika ni mkaza mwana, chungu kimoja watu tisa, pembeni kuna achari na ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, sasa unamkemea babu peke yake na mwenye chungu hata hujaongea naye? Siku hizi mimi naomba mpishi aje kliniki.

Ila kinachonikera zaidi ni hili la "hataki kutembea." Watu hudhani kwa vile mji wa kale hauna magari basi wazee wote wanatembea. Hebu angalia kwanza, chumba chake kiko ghorofani, ngazi za mawe zimesimama wima na hazina pa kushika, akifika chini njia ni nyembamba na punda anakuja na mzigo wa mchanga, na mtu akishaanguka mara moja tu ile hofu inamkalisha kuliko goti lenyewe. Kuna mzee mmoja alikuwa hatoki miezi, nyumbani wanasema mvivu. Nikaomba tubaki wawili tu. Akaniambia polepole, "Mwanangu, na utu uzima huu nijikojolee usitani, njiani?" Kumbe ni tezi dume, na dawa ya kupunguza maji alikuwa anaimeza asubuhi kabla ya kutoka. Daktari akampangia saa nyingine, tukamtafutia njia inayopita msikiti wenye choo karibu, na sasa yuko barazani na wenzake kila alasiri. Hakuna aliyemhubiria lolote.

Na hiyo baraza msiidharau, ndiyo inayomshusha ngazi. Halafu wajukuu kwa mapenzi yao wanasema "Babu keti, tutakuletea kahawa hapa," wanamletea leo, kesho, mwezi mzima, mapaja yanakwisha. Mapenzi hayo yanamdhoofisha, yananiuma manake nia ni njema kabisa.

Akina bibi ni tofauti. Ukimwambia bibi tembea dakika 30 atakutazama tu, lakini hitma, arusi au kumtazama mgonjwa atakwenda, kwa hivyo namwandikia watu wa kwenda kuwaona. Mizani ya mwili nayo, yaani kusimama bila kuyumba, ifanyiwe mazoezi siku 3 kwa wiki au zaidi, kusimama mguu mmoja huku ameshika meza, nitaeleza siku nyingine.

Mashaka ninayo. Ninaowaona wakiendelea vizuri ni wale wanaorudi kliniki, walioshindwa wamebaki ghorofani siwaoni, kwa hivyo huenda najisifu bure. Na mzee wa miaka 85 anayekonda, hali chochote ila kwa kipande cha ng'onda, namwacha ale, kisha usiku nawaza kama nimekosea.

Yule mama nilimgeukia, nikamuuliza, "Mama, wewe wataka kwenda wapi?" Akajibu palepale, "Kwa dadangu, mtaa wa Mkomani. Hawanipeleki, wasema nitaanguka." Kijana akainamisha kichwa. Nikaandika kwenye kadi: Mkomani, Jumanne na Ijumaa, kwa miguu, mwanawe amshike mkono mmoja tu.