Je, wajua kwa nini pamba huzidi ubishi kadiri inavyobanwa?

Robota la pamba lililo tayari kupakiwa melini lina kilo 220 hivi, na ukilipiga konzi, vidole vyako ndivyo vitakavyoumia. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya robota hilo ni hewa. Nyuzi za pamba zenyewe, yaani selulosi, zina uzito wa kilo 1,500 hivi kwa mita moja ya ujazo. Robota lililoshindiliwa barabara lina kilo 450 tu kwa mita hiyo hiyo. Piga hesabu utaona kwamba karibu asilimia 70 ya ujazo wake ni nafasi tupu kati ya uzi na uzi.

Mbona basi hewa hiyo haitolewi yote? Jibu liko katika tabia ya uzi wa pamba. Ukiutazama kwa hadubini utaukuta ni kama utepe mwembamba uliojisokota. Pamba iliyotoka kuchambuliwa ina nyuzi chache zinazogusana, kwa hiyo mwanzoni ukiibana zinapishana tu na kushuka. Zikishasongamana, kila uzi unabanwa na jirani zake wengi, unapinda, na unataka kurudi ulivyokuwa. Hapo ubishi hauongezeki pole pole tena, bali unapaa. Sehemu ya kwanza ya kazi mtu anaweza kuimaliza kwa kukanyagakanyaga pamba ndani ya sanduku kwa miguu yake. Sentimita za mwisho zinadai nguvu ya mamia ya tani.

Ukilishika jambo hilo moja, historia nzima ya mashine za kushindilia pamba inafunguka. Kilichotafutwa miaka yote ni mashine inayokimbia pamba ikiwa laini, kisha inayotulia na kusukuma kwa nguvu pamba ikianza kugoma.

Skrubu la mti halikuwa na sifa hiyo. Baada ya Eli Whitney kutengeneza mashine yake ya kuchambua pamba mwaka 1793, mashamba ya kusini mwa Marekani yalianza kutoa pamba nyingi kuliko ilivyoweza kufungashwa. Kwenye mashamba hayo, yaliyoendeshwa kwa jasho la watumwa, kulisimamishwa skrubu nene lililochongwa kutoka gogo zima, na juu yake mikono miwili mirefu ya mbao iliyoning'inia hadi karibu na ardhi. Nyumbu walifungwa kwenye mikono hiyo wakazunguka, na skrubu likashuka ndani ya sanduku la pamba. Lilifanya kazi, sikatai. Ila mwendo wake ulikuwa ule ule tangu mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho: polepole pasipohitaji upolepole, na dhaifu pale nguvu ilipotakiwa. Juu ya hayo, msuguano wa mti kwa mti ulimeza sehemu kubwa ya jasho la nyumbu.

Huko Uingereza, mwaka 1795, Joseph Bramah alipata hataza ya mashine iliyotumia maji yaliyofungiwa. Ukisukuma pistoni ndogo yenye kipenyo cha sentimita 2, mgandamizo huo huo unafika chini ya pistoni kubwa yenye kipenyo cha sentimita 20. Eneo la kubwa ni mara 100 ya ndogo, basi nguvu ya kilo 50 inageuka tani 5. Gharama yake ni mwendo: pistoni ndogo itembee mita nzima ili kubwa ipande sentimita moja. Kilichomsumbua Bramah ni maji kuvuja pembeni mwa pistoni. Dawa ilikuwa kipete cha ngozi chenye umbo la kikombe, ambacho wengi wanasema kilitokana na fundi wake Henry Maudslay. Maji yakizidi kusukuma, ndivyo ngozi inavyojibana zaidi ukutani. Kwangu mimi, kikombe hicho kidogo ndicho kilichoifanya mashine ile ifae kitu.

Njia ya pili ilikuwa goti la chuma. Chukua vyuma viwili vilivyoungwa kwa bawaba katikati, vikiwa vimejikunja kama mguu. Vinaponyooshwa, mwanzoni ncha husogea upesi kwa nguvu kidogo. Vikikaribia kunyooka kabisa, ncha karibu haisogei, lakini nguvu yake inakuwa kubwa kupita kiasi. Huo ndio mwenendo wa ubishi wa pamba, neno kwa neno. Haishangazi kwamba mafundi wengi wa karne ya 19 waliutumia.

Mashine za haidroliki, yaani zinazosukuma kwa kimiminika kilichofungiwa kama ile ya Bramah, zilipata ujanja kama huo kwa kupewa pampu za aina mbili. Ya kwanza inamwaga mafuta mengi kwa mgandamizo mdogo, na bamba la kushindilia linakwenda mbio. Pamba ikikaza, ya pili inaingia kazini na mafuta machache ya mgandamizo mkubwa.

Kulikuwa pia na tatizo la muda. Sanduku likiwa linashindiliwa, mashine ya kuchambua ilibidi isubiri. Ndipo yakaja masanduku mawili yanayozunguka kwenye nguzo moja, moja likijazwa huku jingine likibanwa. Robert Munger wa Texas ni mmoja wa waliounganisha mpango huo na mtambo mzima wa kuchambua katika miaka ya 1880.

Bamba likishaachia, robota hufura. Kwa hiyo hubanwa kupita unene unaotakiwa, kisha hufungwa likiwa bado chini ya bamba. Zamani ilikuwa kamba, ambayo ilivutika na kukatika. Mikanda ya chuma ndiyo iliyoruhusu mashine kubwa za mvuke bandarini kuonyesha uwezo wao.

Yote haya yalifanywa kwa ajili ya nafasi, maana meli iliyobeba pamba hujaa kabla haijalemewa. Katika bandari ya Galveston, huko Texas, walikuwapo hata wafanyakazi wenye chama chao tangu 1866, kazi yao kusukumiza marobota kwa jeki za skrubu ndani ya matumbo ya meli. Mashine za nchi kavu zilipobana zaidi, ujuzi wao ulianza kukosa mnunuzi.

Siku hizi nguvu nyingi huokolewa kwa ukungu wa maji. Pamba yenye unyevu wa asilimia 6 hadi 8 hulegea na kukubali kubanwa kwa nguvu ndogo kuliko iliyokauka. Ukizidisha, inabadilika rangi na kuota kuvu. Ukipunguza mno, pamba itavuta unyevu wa hewa ikiwa imeshafungwa, robota litafura, na waya zitakatika ghalani.