Chapati ngapi, maandazi mangapi?

Ukimuuliza muuza chapati na maandazi kipi kinamlipa zaidi, atakujibu papo hapo: chapati. Tuseme chapati moja inamwachia shilingi 150 baada ya kutoa unga na mafuta, na andazi linamwachia 60. Basi kwa nini asiachane na maandazi?

Kwa sababu kinachoamua ni kile kinachokwisha kwanza jikoni. Chukulia ana kilo 12 za unga, na jiko moja analolitumia kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, yaani dakika 240. Chapati inakula gramu 80 za unga na dakika 2 za jiko, maana huchomwa moja moja. Andazi ni gramu 40, na kwa kuwa karai hubeba mengi kwa mkupuo, kila moja ni kama nusu dakika.

Akipika chapati tupu, muda unamwishia kwenye chapati 120: faida 18,000, na kilo mbili na ushei za unga zimebaki. Akipika maandazi tupu, unga unakwisha kwenye 300: faida ni 18,000 ileile, na jiko limekaa bure saa moja na nusu. Lakini chapati 90 na maandazi 120 zinamaliza unga na muda kwa pamoja, na faida inafika 20,700.

Hii ndiyo programu mstari, mada ya kidato cha nne ambayo wengi waliichora kwenye karatasi ya grafu wakaiacha kwenye chumba cha mtihani. Kila kikomo, kama unga au muda, ni mstari. Eneo linalobaki ndani ya mistari ni mipango yote inayowezekana, na faida kubwa kabisa hupatikana kwenye kona, pale mistari inapokutana, hivyo unapima kona tu. Mwanahisabati wa Kisovieti Leonid Kantorovich aliifikia mwaka 1939 huko Leningrad, akigawa kazi za mashine za kiwanda cha plaiwudi. Mwaka 1947 George Dantzig wa Marekani akatoa njia ya kutoka kona hadi kona hata bidhaa zikiwa mamia.

Utamu wake hasa uko kwenye swali linalofuata: aongeze nini? Kilo 2 zaidi za unga zinahamisha mpango kwenye chapati 65 na maandazi 220, na faida inapanda kwa 2,250. Nusu saa zaidi ya jiko inaleta 900 tu, mkaa haujatolewa. Kabla ya kukopa jiko la pili, aanze na unga. Ila wateja nao ni mstari. Mtaani wakinunua maandazi 100 tu, mpango bora ni chapati 95 na maandazi 100. Hapo gramu 400 za unga zinabaki na kinachobana ni jiko. Kuongeza unga ni kufungia pesa stoo.

Namba hizi ni za mfano. Zako zipime: pima unga unaoukanda kwa mara moja, kisha hesabu chapati zilizotoka, muda upime kwa simu, moto ukiwa mkali na ukiwa umefifia. Kodi ya banda usiigawe kwenye faida ya chapati moja moja, maana utailipa vilevile hata upike nini.