Je, wajua wapangaji wa usafiri hukisiaje safari ambazo bado hazijasafiriwa?

Ukiona mpira mwembamba mweusi umelazwa kukatiza barabara, ujue kuna mtu anahesabu. Wengi hudhani mipango ya usafiri huanzia hapo: ofisi ya mipango ya kanda huhesabu magari, hulinganisha na hesabu ya mwaka uliopita, huurefusha mstari wa ongezeko hadi miaka ishirini mbele, kisha fedha hupelekwa kwenye barabara itakayofurika. Dhana hiyo ina mantiki. Ila katika kazi yenyewe hesabu za magari huja karibu na mwisho, na mwanzo huwa mezani kwa watu, wakiulizwa jana walikwenda wapi.

Mpira ule, kwanza, hauhesabu magari. Unahesabu ekseli, yaani mihimili inayobeba magurudumu. Gurudumu likiukanyaga, hewa iliyomo husukumwa hadi kwenye kisanduku kilichofungwa kando ya barabara, nacho huandika pigo moja. Mapigo mawili huhesabiwa gari moja. Lori la ekseli sita likipita mahali palipo na mpira mmoja, huingia kwenye kumbukumbu kama magari madogo matatu, mpaka mtu arekebishe kwa kukadiria ni sehemu gani ya magari ya njia hiyo ni malori. Mipira miwili ikilazwa sambamba, kifaa hupata pia mwendo na umbali kati ya ekseli, na hapo lori hutambulika kuwa lori.

Hiyo ni kasoro ndogo. Kubwa ni kwamba pigo halisemi gari linatoka wapi, linakwenda wapi, wala kwa nini. Kutabiri safari za mwakani kwa kuhesabu magari ya leo ni kama kuhesabu sahani chafu ili ujue karamu ijayo itakuwa na wageni wangapi: utajua waliokula, hutajua walioalikwa. Na aliyeshindwa kufika kwa sababu basi halipiti kwake haonekani popote.

Kurefusha mstari nako kuna hatari yake. Magari yakiongezeka kwa asilimia 3 kila mwaka, baada ya miaka kama 23 yatakuwa yameongezeka maradufu, na mpangaji atadai njia mbili zaidi. Lakini magari hayazaliani yenyewe. Nchini Marekani jumla ya maili zinazoendeshwa kwa mwaka ilipanda kwa miongo mingi, ikafika kileleni karibu na 2007, kisha ikakwama kwa miaka kadhaa kabla ya kupanda tena. Mstari uliochorwa mwaka 2005 haukuwa na njia ya kuliona hilo, kwa sababu ndani yake hamna watu, ajira wala bei ya mafuta. Mna mwaka na idadi tu.

Njia tofauti ilikomaa Marekani, katika tafiti kubwa za usafiri za Detroit na Chicago za miaka ya 1950. Mwaka 1962 sheria ya barabara ya nchi hiyo iliweka sharti kwamba eneo la mijini lenye watu zaidi ya 50,000 lisipate fedha za serikali kuu kwa ajili ya barabara bila mpango wa pamoja, unaoendelea na unaogusa aina zote za usafiri. Ofisi zilizotokana na sharti hilo zipo mpaka leo. Kwa kawaida hazimiliki barabara, wala haziajiri mkandarasi. Zinachoshika ni karatasi: mpango wa angalau miaka 20, pamoja na orodha ya miradi ya angalau miaka minne. Mradi usio kwenye orodha hauguswi na fedha za serikali kuu, kwa hiyo karatasi hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana.

Kazi ya kukisia huanza na shajara ya safari. Kaya zilizochaguliwa kwa sampuli huombwa ziandike kila mwendo wa siku moja, na siku hizi simu husaidia kufuatilia. Mistari yake huwa mikavu: saa 1:10 asubuhi kutoka nyumbani, saa 1:25 shuleni, saa 1:50 kazini, kwa gari, watu wawili, kisha mmoja. Kwa mtu wa kawaida mzazi huyo amekwenda kazini akampitisha mtoto shule. Kwa mfumo wa zamani amefanya safari mbili: moja ni ya «nyumbani kwenda kwingineko», ya pili ni «isiyohusu nyumbani». Safari ya nyumbani kwenda kazini, ambayo ndiyo hupewa uzito mkubwa kwenye mipango ya saa za msongamano, haipo kabisa. Siku nzima ya kulea imegawanywa ikaingia kwenye makapu mawili ambayo hakuna anayeyaangalia sana.

Kisha kanda hukatwa vipande, mamia au maelfu, na kila kipande hupewa idadi ya wakazi, magari, ajira, maduka na nafasi za shule. Kwenye kompyuta wakazi wote wa kipande huishi kwenye nukta moja katikati yake, na hutoka kwenda barabara kuu kupitia kijinjia ambacho hakipo duniani. Mtu anayetembea kwenda duka la jirani, ndani ya kipande hichohicho, hagusi barabara yoyote ya mfumo. Ndiyo sababu moja ya waenda kwa miguu kufifia kwenye michoro mingi ya kanda. Hakuna aliyewafuta. Ni nukta zimewameza.

Hatua zenyewe ni nne. Ya kwanza hukadiria kila kipande kitazaa safari ngapi na kuvuta ngapi. Ya pili huamua safari hizo zinatoka wapi kwenda wapi. Ya tatu huzigawa kati ya gari, basi, baiskeli na miguu. Ya nne huzimwaga barabarani. Hatua ya pili ndiyo inayoonyesha kwa nini kurefusha mstari hakutoshi, kwa hiyo tukae nayo.

Fomula yake imeazimwa kwa Isaac Newton. Mwaka 1931 Mmarekani William J. Reilly alipendekeza kwamba miji huvuta wanunuzi kama sayari zinavyovutana: mkubwa huvuta zaidi, wa mbali huvuta kidogo. Wapangaji wa usafiri wakaichukua. Watu si sayari, bila shaka, na hakuna sheria ya asili inayotaka umbali upigwe mraba. Kila kanda hurekebisha kipimo hicho mpaka kifanane na shajara zake. Ila kwa mfano wetu mraba unatosha.

Chukua kipande A, ambako watu 1,000 huondoka kila asubuhi kwenda kazini. Kipande B kina ajira 4,000 na kiko umbali wa dakika 10. Kipande C kina ajira 9,000, ila ni dakika 30. Mvuto wa B ni 4,000 gawanya kwa 100, yaani 40. Mvuto wa C ni 9,000 gawanya kwa 900, yaani 10. Kwa hiyo watu 800 huenda B na 200 huenda C, ingawa C ina ajira zaidi ya maradufu.

Sasa barabara ya C inapanuliwa, na safari inashuka hadi dakika 15. Mvuto wa C unakuwa 9,000 gawanya kwa 225: nao ni 40. Watu wanagawanyika nusu kwa nusu, 500 huku na 500 kule. Aliyelaza mpira kwenye barabara ya C kabla ya upanuzi alihesabu magari ya watu 200, akaongeza asilimia chache za ukuaji, akaona barabara mpya itakuwa tupu kwa miaka. Hakuna aliyezaliwa, hakuna aliyehama, hakuna ajira iliyoongezeka, na bado waendao C wamekuwa mara mbili na nusu. Barabara yenyewe imebadilisha jibu la swali iliyojengewa. Katika maisha mabadiliko hayo hayatokei Jumatatu ya kwanza; watu hubadilisha kazi na makazi kwa miaka, na ni vigumu kutenganisha kilichosababishwa na barabara na kile ambacho kingetokea tu.

Hadithi haijaisha, maana watu 500 hao huongeza msongamano. Hapa huingia fomula nyingine, iliyotolewa mwaka 1964 na idara ya barabara ya serikali ya Marekani. Gawanya idadi ya magari kwa uwezo wa barabara, jibu lipandishe kipeo cha nne, zidisha kwa 0.15, ongeza 1: hapo umepata mara ngapi muda wa safari umekua. Magari yakilingana na uwezo, safari hurefuka kwa asilimia 15. Yakiwa maradufu ya uwezo, huwa ndefu mara 3.4. Fomula haishtuki kwamba barabara haiwezi kupitisha magari maradufu ya uwezo wake. Huyapitisha tu, polepole, na zaidi ya nusu karne baadaye bado inatumika sana kwa kuwa ni nyepesi kukokotoa.

Rudi kwa watu wetu. Tuseme msongamano umepandisha safari ya C kutoka dakika 15 hadi 20. Mvuto wake unashuka hadi 22.5, na waendao huko wanakuwa 360. Barabara inapumua, muda unapungua, baadhi wanarudi. Programu huzunguka hivyo mara nyingi, mpaka idadi itulie mahali fulani kati ya 360 na 500. Ofisi zilizoruka mzunguko huu ili kuokoa muda zilikuwa zikimwaga magari barabarani mara moja na kuondoka, na barabara mpya zikaonekana nzuri kuliko zilivyostahili.

Angalia pia kilichotokea B. Wafanyakazi wake wa kila siku wamepungua kwa kati ya 160 na 300 kwa sababu ya barabara iliyojengwa nje ya mipaka yake, ambayo halmashauri yake huenda haikuulizwa. Kwenye mipango ya mji mmoja mmoja, C ingeandika ushindi na B ingebaki ikitafuta mchawi. Hiyo ndiyo hoja ya kupanga kikanda, na ni nzito kuliko ile ya kugawana gharama. Inafanana na tatizo la makadirio ya watu: kila mji hupenda kujitabiria ukuaji, na ukijumlisha matarajio ya wote hupata kanda kubwa kuliko inavyoweza kuwa. Kwa hiyo ofisi ya kanda huweka kwanza jumla ya wote, kisha miji hugombania mgawo. Mikutano hiyo hairushwi kwenye televisheni, lakini barabara nyingi huamuliwa humo.

Utabiri huu ni sahihi kiasi gani? Mwaka 2005 mtafiti wa Denmark Bent Flyvbjerg na wenzake walichapisha uchambuzi wa miradi 210 katika nchi 14. Kati ya kila miradi 10 ya reli, 9 ilikuwa imetabiriwa abiria wengi kuliko waliojitokeza, na kwa wastani makisio yalizidi hali halisi kwa asilimia 106. Kwa barabara, nusu ya miradi ilikosea kwa zaidi ya asilimia 20, juu au chini. Si haki kuitupia hesabu lawama zote: anayetaka reli ijengwe ana sababu ya kupenda namba kubwa, na fomula hupokea chochote inacholishwa.

Kanda kadhaa kubwa zimeanza kuacha hatua nne. San Francisco ilitangulia mapema miaka ya 2000 kwa mfumo unaoigiza mkazi mmoja mmoja na ratiba yake ya siku nzima. Humo yule mzazi wa saa 1:10 huenda shule, kazini na kurudi kwa mnyororo mmoja, na gari akiliacha nyumbani asubuhi, programu haimruhusu kulipata kazini jioni. Mfumo wa zamani haukuwa na namna ya kumzuia. Ofisi ndogo nyingi bado zinatumia hatua nne, kwa kuwa mfumo mpya unadai takwimu na wataalamu ambao bajeti zao haziwafikii.