Mali ya taarifa: kwa nini ulinzi wa mtandao huanzia kwenye daftari

Kiti cha ofisi ya umma aghalabu kina namba iliyoandikwa kwa rangi mgongoni. Faili la mishahara ya wafanyakazi wote, ambalo mhasibu aliyehama alilinakili kwenye flashi, halina namba yoyote. Faili hilo ni mali ya taarifa, na likipotea hasara yake haifanani na ya kiti.

Kusimamia mali za taarifa ni kujua taasisi ina taarifa zipi, zimekaa wapi, nani anawajibika nazo, na zikivuja au zikichezewa ataumia nani. Yote hayo huandikwa katika daftari, yaani orodha ya mali za taarifa. Vinavyozibeba navyo huingia humo: seva, simu, programu, hata kabati la majalada.

Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo, ililijua hili kwa gharama kubwa. Machi 2017 lilitangazwa tundu la usalama katika programu iitwayo Apache Struts, na kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, kikatolewa. Ndani ya kampuni ikasambazwa barua pepe: wenye Struts wazibe ndani ya saa 48. Sasa, nani alikuwa nayo? Orodha kamili haikuwepo. Mfumo wa kupokelea malalamiko ya wateja, ambao asili yake ni miaka ya 1970, uliitumia, nao ukarukwa. Wadukuzi wakaingia Mei, wakakaa humo siku 76, wakachota taarifa za watu wapatao milioni 147. Kifaa ambacho kingewaona kilikuwa kama kipofu, kwa sababu cheti chake cha kidijitali, kinachokiwezesha kusoma mawasiliano yaliyofichwa kwa msimbo, kilikuwa kimeisha muda miezi mingi nyuma. Cheti nacho ni mali. Kingekuwa na mwenyewe, huenda mtu angekumbuka tarehe.

Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 27001 kinataka orodha hiyo ionyeshe wenye mali. Hapo ndipo ofisi nyingi huteleza, maana kila kitu huandikiwa fundi wa kompyuta. Mwenye faili la mishahara ni mkuu wa utumishi. Yeye ndiye wa kusema nani alifungue na lini lifutwe. Fundi anatunza kufuli tu.

Daftari lenyewe pia liandikwe humo, tena miongoni mwa mali za siri: mdukuzi akilipata, amekabidhiwa ramani ya nyumba nzima.