Fungua Tochi Iliyokufa Uone Kilichoiua

Stima ikipotea Kayole au Kawangware, hapa Nairobi, tochi ya kuchaji ndiyo inayotafutwa kwanza. Huuzwa kila mahali, kuanzia maduka ya Luthuli Avenue na River Road hadi kwa wachuuzi wa kando ya barabara, na nyuma yake ina meno mawili ya kuchomeka kwenye soketi. Miezi michache baadaye inawaka dakika tano tu, kisha inafifia. Wengi huitupa wakanunua nyingine. Mimi hufundisha elektroniki katika chuo cha ufundi hapa jijini, na ombi langu kwa wazazi, walimu na vijana ni hili: kabla hamjaitupa, ifungueni. Vifaa vya bei rahisi vinavyofundisha mengi kiasi hiki ni vichache.

Kuna sharti moja ambalo sina mjadala nalo. Kifaa kilicho wazi hakichomekwi kwenye stima, hata kwa sekunde moja, hata kwa kisingizio cha kupima. Umeme wa nyumba zetu ni volti 240, lakini hiyo ni aina ya wastani tu. Kila wimbi hupanda hadi kilele cha volti 340 hivi. Mtoto afungue akiwa na mtu mzima, tena chombo kiwe kimekaa kwa muda baada ya kuchomolewa.

Sasa chukua bisibisi ndogo ya nyota. Skrubu nyingine hufichwa chini ya karatasi ya nembo, kwa hiyo pitisha kidole juu yake uhisi shimo. Ndani utakuta betri nzito ya mraba, swichi, kibao cha taa za LED na bodi ndogo. Swali la kwanza la wanafunzi wangu huwa lile lile: transfoma iko wapi? Haipo. Transfoma, kifaa cha kushusha volti, ni shaba na chuma, na shaba ni ghali. Kazi yake imepewa kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) moja bapa, mara nyingi ya rangi ya kahawia au nyekundu, iliyoandikwa kitu kama 105J 400V. Msimbo huo husomwa hivi: 10 ikifuatwa na sufuri 5, yaani pikofaradi (kipimo kidogo cha uwezo wa kapasita) milioni moja, ambazo ni mikrofaradi 1. Herufi J inasema thamani hiyo yaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, na 400V ni volti ambazo kapasita inaweza kuhimili.

Umeme wa soketi hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde. Kila unapogeuka, kapasita hujaa chaji na kuimwaga, na ukubwa wake ndio unaoamua ni kiasi gani kitapita. Kapasita ya mikrofaradi 1 kwenye volti 240 hupitisha miliampia 75 hivi, basi, bila kupata joto la kutajika. Baada yake zimepangwa dayodi nne, mara nyingi zenye namba 1N4007, zinazolazimisha mkondo uelekee upande mmoja ili uingie kwenye betri. Hapo chaja imekamilika. Nauheshimu ubunifu huu, kwa sababu aliyeuchora alijua hesabu zake.

Hatari yake lakini ni kubwa. Ndani ya transfoma nyaya za pande mbili hazigusani, na nishati huvuka kwa njia ya sumaku. Kwenye tochi hii hakuna mpaka wa namna hiyo. Ikiwa inachaji, vyuma vyote vya ndani, hata miguu ya taa na ncha za betri, vimeungana moja kwa moja na nyaya za stima. Ndiyo maana tochi iliyopasuka ganda haifai kuchajiwa tena, hata kama inawaka vizuri. Na kwa kuwa meno yake mawili hayaingii kwenye soketi zetu za matundu matatu, watu husukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili matundu mengine yafunguke. Tafadhali, acheni. Soketi imewekewa vizuizi vinavyofunika matundu hayo ili mtoto asiguse umeme. Nunua adapta.

Angalia pia kama kuna rezista ndogo (kifaa kinachopunguza mkondo) iliyounganishwa sambamba na kapasita. Rangi za manjano, zambarau na manjano zinamaanisha omu 470,000. Kazi yake ni kuondoa chaji iliyobaki unapochomoa tochi: ndani ya sekunde mbili, volti 340 zinashuka hadi karibu 5. Katika tochi nyingine utakuta matundu yake kwenye bodi yako tupu. Rezista ni sehemu ya bei ya chini kabisa, na bado kuna aliyeamua kuiacha. Bila hiyo, ukichomoa tochi na kugusa meno yake mara moja, inaweza kukupiga. Mshtuko huo wenyewe ni mdogo, ila unatosha kumwangusha mtoto aliyesimama juu ya kiti.

Tufike kwenye kifo chenyewe. Betri ile ni ya madini ya risasi na asidi, yenye seli mbili za volti 2, na kwenye bodi hakuna kitu kinachoilinda. Ikijaa, mkondo hauzimwi, unaendelea kuingia usiku kucha, maji yaliyo ndani yanakauka na betri inavimba. Ikiisha, vilevile hakuna kinachoikata. Betri ya aina hii haipaswi kushuka chini ya volti 3.5 hivi, lakini LED nyeupe huendelea kutoa mwanga hafifu hadi karibu volti 3, kwa hiyo tochi inainyonya betri kupita kiasi huku mwenyewe akifurahi kwamba bado inawaka. Ikiachwa hivyo kwenye droo, salfeti ya risasi huganda kwenye bamba zake na hailainiki tena. Ipime kwa multimeta, yaani kipima umeme. Ukikuta volti 2, umejua kisa chote.

Mtu aliyeelewa hayo hutumia tochi ijayo kwa namna nyingine. Huizima mwanga ukianza kufifia, huichaji siku hiyo hiyo, huichomoa kwa wakati ulioandikwa kwenye boksi, na huichaji kila mwezi hata kama stima haijapotea.

Chaja za simu za bei ya chini nazo zina mengi ya kusema, hasa pengo kati ya upande wa volti 240 na upande wa simu. Bodi nzuri huacha milimita 6 hivi, na nyingine hukatwa mwanya kabisa. Katika zile mbovu, pengo laweza kuwa la milimita moja. Lakini kapasita ya ndani inaweza kubaki na volti 340 baada ya kuchomolewa, kwa hiyo hizo zifunguliwe darasani au kwa fundi. Mtoto aanze na vitu vya betri kavu: remoti, kikokotoo, redio ndogo. Maikrowevu, televisheni za zamani zenye kioo kizito na betri za simu zilizovimba asiziguse kabisa.

Betri ya tochi isipasuliwe wala kuchomwa. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Ifunge ncha zake kwa selotepu na uipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Hapa Nairobi kuna Kituo cha WEEE. Bodi, swichi na taa ubaki nazo. LED nyingi huwa bado nzima, na kwa betri tatu kavu za volti 1.5 na rezista ya omu 100, mtoto ataiwasha mojawapo jioni hiyo hiyo.